Bakteria Wangu na Bomba la Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ni mjuaji. Shamba letu la mboga ya chainizi lipo Kimbiji, tumeligawana nusu kwa nusu. Yeye anakaa hukohuko na familia yake. Mie nakaa Mbagala na wanangu, naenda nikipata upenyo. Kwa hiyo yeye ni mkulima, mie ni mtalii. Maneno yake hayo.

Yeye hupulizia dawa kali, ile ukiifungua tu hata inzi wanahama. Mie nilipoanza kutumia unga wa bakteria alicheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza kwamba kiwavi akila jani lenye hao bakteria tumbo linaharibika, anaacha kula, halafu anakufa, na mtu hawamdhuru.

"Kwa hiyo unawaharisha," akasema. "Shemeji, umekuwa mchawi wa viwavi."

Nikapulizia jioni, maana jua kali linawaua hao bakteria, nikawa nageuza jani moja moja. Nikalala kwao, na asubuhi akanigongea dirisha hata sijapiga mswaki. "Njoo uwaone wagonjwa wako, wazima wote."

Kweli walikuwa hai. Roho iliniuma. Akatoa hukumu palepale: viwavi wangu hawatavuka kwenda kwake, kesho anapulizia shamba zima dawa yake, na mie nikitaka kuchezea bakteria nikacheze kwenye ndoo huko Mbagala.

Nikamwambia atazame majani, asitazame viwavi. Hapakuwa na tundu jipya, wala kiwavi anayetafuna. Akainama, akamgusa mmoja kwa kijiti.

"Labda wamefunga," akasema, akaondoka zake anajichekea.

Kesho yake wengi walishalegea na kuwa weusi, lakini mtu mbishi haoni. Akaja na bomba la dawa mgongoni, limejaa. Nikasimama mbele ya matuta yangu, mikono kiunoni. Kabla sijasema neno, mkewe akainuka katikati ya mboga zangu, kapu mkononi.

"Hapo usipulizie, baba watoto. Hapo ndipo ninapochuma mboga ya nyumbani."

Kumbe. Na mie siku zote majani yakipungua nawalaumu viwavi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu ulipoacha dawa kali. Mboga zake siwezi kuwapa watoto." Wala hakuona haya.

Nikamgeukia shemeji. "Na wewe ulikuwa unajua?"

Akakohoa. "Zako tamu," akasema.

"Na zako anakula nani?"

"Zangu za sokoni."

"Soko gani?"

Akajishughulisha na mkanda wa bomba, kama vile umemkaba ghafla. "Mbagala," akasema.

Wiki nzima kabla ya kuja huku nilikuwa nawapikia wanangu chainizi ya sokoni Mbagala. Zangu nilizionea huruma kuzichuma kabla hazijajaza.