Nilisema Nakshi ya Mama Nimeiota

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Watu wa Nachingwea bado wananiita msanii, na mimi naitika.

Mama yangu ni mfinyanzi, anaishi Nkowe. Wafinyanzi wa kwetu hawaandiki jina kwenye chungu. Kila mmoja ana nakshi yake ya shingoni, mtu akiiona sokoni anajua hiki cha fulani. Ya mama ni nyayo za kanga, yule ndege: mistari mitatu na nukta, anaichora kwa kijiti cha mwanzi chungu kingali kibichi.

Nilipoanza sanaa niliichonga nakshi hiyo kwenye ubao, nikachapa vitambaa. Vilitoka sana msimu wa harusi, korosho zikishauzwa. Nikaingia kwenye uchoraji wa rangi, nyayo zilezile. Nikanunua kamera, nikawapiga picha wanawake wa Malolo wamejifunga vitambaa vyangu. Mwisho nikarudi kwenye udongo niliokuwa nimeukimbia utotoni, nikafinyanga vyungu vya mapambo. Miaka ishirini, kazi za aina nne, nakshi ile moja ya mama.

Mama hakulalamika. Alikuwa anacheka, anasema, "Kanga wangu wanatembea."

Yakaja maonyesho Ruangwa mjini. Mtangazaji wa redio akaniuliza nakshi ile nimeitoa wapi. Jamani, jibu lilikuwa mdomoni kabisa! Nikasema niliiota. Nilitaka tu nionekane wa ajabu kidogo.

Nkowe redio inasikika. Wiki hiyohiyo mama alipeleka vyungu sokoni, na mteja wake wa siku nyingi akamwuliza, "Bibi, na wewe umeanza kumwiga binti yako?" Watu wakacheka. Haya niliambiwa na dada yangu, alikuwepo.

Nilipokwenda kumsalimia nilikuta vyungu sita vinakauka uani. Shingo zote laini, hazina kitu.

"Mama, mbona hujaweka nyayo?"

"Hizo zako. Nikiweka nitaitwa mwizi."

Hakusema kwa hasira. Na mimi sikulia. Tangu hapo sisikii chochote moyoni. Nikisifiwa, naona kama anasifiwa jirani. Sichapi, sichori, kamera iko kabatini. Vyungu vya mama navyo havitoki, maana wateja wanapita hawavitambui, wanadhani bibi kaacha kazi.

Nilimwomba radhi jikoni, tukiwa wawili tu. Akasema, "Nimesikia, mwanangu," akaendelea kupepeta mbaazi. Alichoharibiwa mbele za watu nilitaka kukitengeneza kwenye moshi wa jikoni. Redioni sijarudi kusema ukweli mpaka leo. Naogopa.

Wewe unayesoma, ukiulizwa kitu umekitoa wapi, mtaje mtu. Mtaje kwa jina, tena angali hai asikie. Usiwe kama mimi, ambaye hata hapa, kwa kuficha jina langu, nimemaliza kuandika bila kulitaja la mama.