Feni ya Bibi Tupokigwe

Niseme wazi tangu mwanzo: Osea ananikera. Ni rafiki yangu, tumejuana tangu mtaa wetu wa Chapwa una nyumba za kuhesabu, lakini ananikera, na mwenyewe anajua.

Osea anauza mablanketi hapa Tunduma. Ni Mnyiha wa Mbozi. Baba yake alimwachia shamba la kahawa, yeye akasema kahawa ina maneno mengi, akaja mpakani kufungua kibanda. Na alipatia, maana mji wetu ukishaingia mwezi wa tano baridi yake haina adabu. Mimi naziba pancha za malori. Kuna asubuhi vidole vinagoma kabisa kushika spana. Siku kama hizo Osea hapati hata nafasi ya kunywa chai.

Sasa mwaka jana baridi haikuja. Mwezi wa sita watu wanatembea na fulana! Wateja wake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anawaita wakipita, nao wanacheka. "Awe mukwai," hapana mzee, halafu haooo, wanaenda kununua soda baridi. Mtu mwingine angekubali yaishe. Osea? Alitoa koti lake zito, lile lenye manyoya shingoni, akalifunga vifungo vyote, akawa anakaa nalo mbele ya kibanda kila siku, jasho linamtiririka, akiwaambia wapita njia, "Inakuja. Nyie chekeni tu."

Nikamwambia, "Osea, utakuja kuzimia hapa."

"Baridi haina haraka," akanijibu. Ungemfanyaje mtu wa hivyo?

Katikati ya vituko hivyo kijana wake, Lucky, akataka kuoa. Binti anaitwa Frida, wa Ibaba kule milimani Ileje. Alifiwa na mama bado ananyonya, akalelewa na bibi yake, Bibi Tupokigwe. Mshenga nikafanywa mimi. Kazi ya mshenga ni kutukanwa na pande zote mbili, lakini safari hii mambo yalikwenda vizuri. Tulielewana yote, kikabaki kitu kimoja tu: blanketi la bibi. Kwetu huku hata mtoto anajua, huchukui binti wa watu kama hujamfunika bibi yake blanketi. Nikalala usingizi mzuri. Muuza mablanketi atakosaje blanketi?

Tukafika Ibaba asubuhi, mimi, Lucky, na Osea na koti lake. Wazee wa Frida walikuwa wamekaa sebuleni, bibi kiti cha mbele, amejifunga kitenge kipya. Osea akaweka boksi katikati. Nikalitazama lile boksi. Gumu, refu. Blanketi gani linakaa hivi?

Wakalifungua. Feni! Feni ya kusimama, ya umeme.

"Hii nini?" bibi akauliza.

"Feni, mama," Osea akasema, anatabasamu. "Mwaka huu kuna joto. Nikaona blanketi lingekutesa."

Jamani! Mtu aliyetuapia mwezi mzima kwamba baridi inakuja! Na koti bado mwilini! Tena nyumba yenyewe haina umeme, hata nguzo haijafika kwenye kitongoji kile.

"Mwe!" Bibi akasimama. "Nawapa mtoto, nyie mnaniletea upepo? Basi ndoa hakuna. Nendeni na upepo wenu." Akaingia chumbani. Kule jikoni Frida akaanza kulia kwa sauti, na Lucky akanikazia macho kana kwamba huyo baba nimemzaa mimi.

Nikamvuta Osea nje kwa lile lile koti. "Wewe una mablanketi yamejaa mpaka darini! Umerogwa?"

Akainama. "Emanueli, mzigo umenidodea, mpakani kote wanajua. Ningeleta blanketi wangesema nimewatupia wakwe kilichokosa mteja. Nikataka nilete kitu nilichokitafuta dukani kama watu wengine."

Nikashindwa nicheke au nimzabe kofi. Kumbe alitaka kuleta heshima! Heshima yote hiyo, na mtoto wake anakosa mke.

Tulipogeuka, bibi alikuwa mlangoni. Mkononi ameshika kipande cha blanketi la kijivu, limechakaa, pindo zimekwisha zote.

"Hili nililetewa siku mama yake Frida anaolewa," akamwambia Osea. "Alipokufa, nikambebea mtoto wake. Miaka miwili, shambani, kanisani, kisimani, huyu yuko mgongoni nimemfunika hili. Wewe unadhani blanketi linaletwa kwa sababu ya baridi? Linaletwa kwa sababu mnaondoka na mtoto, na mgongo wangu unabaki mtupu."

 Osea, bingwa wa majibu, alitoka mbio kutafuta bodaboda ya kumrudisha Tunduma, mwenye umri ule, na ile barabara ya vumbi. Sisi tukabaki pale tumekaa na feni yetu kama watu waliokamatwa.

Saa kumi akarudi, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Alileta lile blanketi jekundu la kutundika mbele ya kibanda, zito kuliko yote, ambalo hata kwenye baridi kali alikuwa hakubali kuliuza. Akapiga magoti, akamfunika bibi mabegani. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndoa ikawa ipo.

Jua lilikuwa kali bado. Wakatoka nje wakaketi kwenye benchi, bibi na blanketi lake, Osea na koti lake, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kuvua. Nikawaambia waingie ndani, wakanitazama kama mpumbavu. Frida akaja, akapiga magoti mbele ya bibi yake kumshukuru, akainua uso.

"Bibi, unalia?"

"Nilie nini? Jasho hili. Hamwoni blanketi lilivyo zito?"

Osea akajifuta macho kwa mkono wa koti, mara ya kwanza, mara ya pili. "Kweli, mama," akasema. "Hata mimi ni jasho tu."