Jicho la mwisho la Filbert Nkya

Saa mbili asubuhi, Majengo mjini Moshi, Filbert Nkya anasimama mbele ya bomba la maji la uani, anavuta sweta yake nyekundu ya nailoni kupita kichwani na kuitundika kwenye msumari nje ya kibanda cha chai cha Mama Beatrice. Kisha analishika lile bomba kwa mikono miwili, anatulia kama anayehesabu mpaka kumi, ndipo anaingia kazini.

"Analisalimia," Mama Beatrice ananinong'oneza huku akimimina chai. "Kila siku. Mimi hanisalimii hivyo."

Filbert anamsikia na kucheka. Ana miaka 41, ni fundi redio, na leo Ijumaa hana muda wa utani mrefu. Kesho saa nne kule Masama, kijijini kwao mlimani, anatakiwa kukabidhi ubao wenye majina ya watu 36. Yamekamilika 35. Jina moja limebaki, na mashine yake imebakiwa na jicho moja tu.

"Jicho" ndivyo anavyoiita dayodi ya leza, kipande kidogo kuliko punje ya mahindi kinachotoa mwali mwekundu wa kuchoma mbao. Mashine nzima ameiunda mwenyewe. Mota mbili ni za printa mbovu, reli ni za droo ya ofisi, na kompyuta inayoiendesha ni mtumba ulioachwa na duka la intaneti lililofungwa. Macho anayatoa kwenye vifaa vibovu vya kuandikia DVD, anavyonunua shilingi elfu tano kimoja, mapato yake ya siku nzima ya kutengeneza redio.

Anavaa miwani ya kulehemu na kubonyeza kitufe. Moshi mwembamba unapanda juu ya kibao cha mringaringa; kila jina lina kibao chake, kitakachofungwa kwa skrubu kwenye ubao. Herufi E inaanza kuonekana, polepole kiasi kwamba mtu anaweza kwenda sokoni na kurudi.

Ubao huu ni wa mfongo, mfereji wa asili unaoshusha maji ya mlimani hadi kwenye migomba ya kijiji chao. Wazee 36 waliuchimba kwa majembe mwaka 1952. Mwaka jana vijana waliukarabati, na kijiji kikaamua majina ya waliouchimba yaandikwe. Ilikuwa rahisi kumpa kazi hiyo fundi wa rangi, ila mmoja wa wale 36 bado yu hai. Mzee Eliufoo Munisi ana miaka tisini, na macho yake yaliacha kuona miaka sita iliyopita.

"Alisema anataka alisome jina lake mwenyewe, kwa kidole," anaeleza Filbert. "Rangi haishikiki kwa kidole. Nikaona Mungu kanipa mashine hii kwa sababu. Nikasema mimi nitaweza."

Aliyasema hayo Desemba. Januari, hewa ilipokauka, macho yakaanza kufa.

Yalikufa kwa namna moja. Jicho linachoma vizuri leo, kesho asubuhi linawaka kidogo kama kitaa cha redio na halichomi hata karatasi. Filbert alishuku umeme wa mjini, akahamia kwenye betri ya gari. Likafa. Akashuku joto, akalifunga jicho kwenye kipande cha alumini alichokata kwenye pasi mbovu. Likafa. Akalipia saa mbili za intaneti, akasoma mpaka kichwa kikamuuma, akapunguza nguvu ya mwali karibu nusu. Nalo likafa, tena mapema kuliko yote.

"Nilikosa usingizi," anasema. "Sikuwaza mashine. Nilimuwaza mzee anapapasa ubao na hakuna kitu."

Aliyeugundua ugonjwa wa macho hayo si fundi. Ni mke wake, Ruth, mkulima wa migomba mwenye ng'ombe wawili, ambaye hajawahi kuigusa mashine hiyo na anasema hana mpango wa kuigusa.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, Ruth aliifua ile sweta. Ukungu wa Masama haukaushi nguo upesi, kwa hiyo Jumanne na Jumatano mumewe alishuka mjini na koti la pamba la marehemu baba yake. Siku mbili hizo jicho halikuwa na tatizo lolote. Alhamisi sweta ikarudi mwilini. Saa nne jua la Moshi lilipowaka, Filbert akaivua kama watu wote wa mlimani wanavyovua wakifika mjini, akagusa waya wa jicho, na mambo yakaishia hapo.

Jioni ile, wakila mtori wa ndizi, alimlalamikia mkewe. Ruth alinisimulia mazungumzo yao bila kuyapunguza.

"Nikamwambia, Baba Kindness, ni hiyo sweta. Akaniambia, sweta na leza wapi na wapi? Nikamwita Kindness. Nikamwambia mwanangu, mwonyeshe baba mchezo wenu."

Kindness, mwenye miaka tisa, alizima taa, akajifunika sweta ya baba yake, akaivua kwa nguvu. Cheche ndogo za buluu zikalia kwenye nywele zake. Watoto walikuwa wakiucheza mchezo huo kwa miezi. Baba yao, fundi wa umeme, ndiye pekee nyumbani ambaye hakuwahi kuuona.

"Nilijisikia mjinga," Filbert anakiri. "Umeme tuli nimeusoma shuleni. Nauangalia kwenye redio za watu, nauvaa mwilini mwangu."

Hata hivyo fundi ni fundi. Kesho yake, akiwa na macho mawili tu, alivaa sweta, akaivua, akaligusa moja makusudi. Likafa papo hapo.

"Ulimkasirikia?" nilimuuliza Ruth.

"Nilimwambia, kwa hiyo umeua jicho zima ili ukubali kwamba mke wako amesema kweli?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Lakini alinishukuru. Alipiga magoti jikoni, mbele ya watoto. Tangu tuoane sijawahi kuona."

Nilipomuuliza Filbert kwa nini hajaitupa sweta hiyo iliyomtia hasara, alinitazama kama niliyekosa adabu. Ruth aliinunua sokoni Kiboriloni kwa fedha ya maziwa, mwaka ambao mumewe aliugua kifua na bado akawa anashuka alfajiri. "Imenikinga na baridi ya Masama miaka minne," anasema. "Kosa ni langu, sikujua pa kuivulia."

Ndiyo maana ya msumari na bomba. Umeme wa mwilini, unaotosha kuua jicho, unashuka ardhini kwanza kupitia bomba la chuma, kisha mkono unaenda kwenye jicho. Tangu aanze kufanya hivyo, lile jicho la mwisho limechora majina bila kuchoka.

Leo kuna jina moja tu siku nzima. Filbert anaupitisha mwali mara nne juu ya herufi zilezile ili zizame. Saa kumi jioni anafumba macho na kupitisha kidole. "Eliufoo," anasoma.

Jumamosi ninapanda naye Masama. Watu wamekaa kando ya mfongo, mchungaji ameomba, vibuyu vya pombe ya ndizi vinapita. Mzee Eliufoo anasogezwa mbele ya ubao na mjukuu wake.

"Shikamoo, babu," anasema Filbert.

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke."

Filbert anaushika mkono wa mzee na kuuweka kwenye jina. Kidole kinaenda polepole, kinarudi, kinaenda tena. Maji ya mfongo yanasikika.

"Eliufoo," anasema mzee. "Ndiyo. Ni mimi." Makofi yanapigwa, vigelegele vinapanda. Mzee anangoja vitulie. "Asante sana, fundi. Mungu akubariki na mikono yako. Sasa Anaeli yuko wapi? Tulichimba bega kwa bega."

Filbert anausogeza mkono wake hadi kwenye jina la Anaeli. Kidole kinapapasa. Kinapapasa tena. Majina yale mengine yamepitiwa na mwali mara moja tu. Ni meusi na yanasomeka vizuri kwa mwenye macho.

"Hapa ni laini," anasema mzee kwa upole. "Langu nalijua, mwanangu. Nilitaka kuwasalimia wenzangu."

Filbert anainamisha kichwa. Ninamwona Ruth akimgusa mgongo. Kisha fundi anapiga goti kando ya kiti cha mzee, bila kujali suruali yake ya kanisani.

"Babu, nipe hadi Pasaka. Nitarudia yote thelathini na tano, moja moja, mpaka uwapate."

"Jicho lako litafika?"

"Litafika, babu. Sasa najua linachokiogopa."

Vibao thelathini na vitano vinafunguliwa kutoka kwenye ubao jioni hiyohiyo. Jumatatu, anasema Filbert, ataanza na Anaeli.