Nyoka Aliyechomwa Kabla Hajajulikana

Mume wangu aliumwa na nyoka msimu wa kuvuna ngano, wakati ambao lori la shamba halikuwa na nafasi ya mtu.

Shamba lilikuwa juu ya Njoro, unapoanza kupanda kuelekea Mau. Sisi tulikuwa wageni pale. Tulitoka magharibi miaka ile ya hali ya hatari, kuchukua kazi za watu waliokuwa wameondolewa wote kwa malori. Tulipoingia katika nyumba zao tulikuta mafiga bado yamekaa mahali pake na maboga yameivia shambani bila mwenyewe. Hakuna aliyebaki wa kutuambia chemchemi ipi hukauka mapema au ng'ombe wasipelekwe upande gani wakati wa mvua. Basi kila kitu tulikipa jina la kitu kilichofanana nacho huko kwetu, mti, ndege, mdudu, tukaendelea na kazi.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kukamua. Mkamuaji alipewa nyumba, chupa ya maziwa na kipande cha kulima mahindi, na vyote hivyo vilitegemea mikono yake. Mkamuaji asiyeweza kukunja vidole alikuwa mtu wa kufunga mizigo. Tulikuwa tumewaona wawili wakiondoka hivyo, mmoja kwa sababu ya baridi yabisi, mwingine baada ya kukanyagwa na fahali. Hawakufukuzwa kwa maneno makali. Waliambiwa tu kwamba nyumba inahitajika.

Siku hiyo nilikuwa katika shamba la maua ya pareto, mstari wa juu, kikapu kiunoni. Tulikuwa tumechuma kwa siku nyingi bila kupumzika, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mwanamke wa mstari wa chini aliponiita nilidhani ananiambia nimeruka maua.

"Mama, shuka! Mumeo ameumwa!"

"Na nini?"

"Wanasema nyoka. Shuka kwanza, maswali baadaye!"

Nilimkuta ameketi chini kando ya ukuta wa mawe wa zizi. Ng'ombe walikuwa wameubomoa, naye alikuwa ametumwa baada ya kukamua asubuhi auzibe pamoja na wanaume wawili. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani mwake, ameushika kama mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa amtunzie. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba na kung'aa. Juu ya kiwiko walikuwa wamemfunga ile kamba ya kufungia ng'ombe miguu ya nyuma wakati wa kukamua, wakaikaza mpaka ikazama katika nyama.

Wale wanaume wawili walikuwa wamesimama karibu na moto mdogo wa majani makavu. Walikuwa wameridhika na kazi yao.

"Tumemmaliza, shemeji," alisema mrefu. "Hatasumbua mtu tena."

"Yuko wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye moto. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu sote, wa huku na wa kule. Nyoka hapigwi mara moja. Anapigwa na kila aliyepo, kichwa kinasagwa kwa jiwe mpaka kisijulikane, kisha anachomwa ili mtoto asije akakanyaga mifupa yenye sumu. Walikuwa wamefanya yote kwa ukamilifu.

Nyapara alifika akipangusa vumbi la ngano usoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelala kidogo kuliko sisi sote, maana kombaini, mashine ya kuvunia, ilikuwa imeharibika tena.

"Nyoka gani?" aliuliza.

Wale wawili walimwonyesha moto.

"Nauliza hivyo kwa sababu bwana mwenye shamba ataniuliza hivyo. Lori linapakia ngano ya kwenda stesheni. Juzi lilipeleka mtu hospitali ya Nakuru, kumbe ameumwa na nyuki! Nilitukanwa mimi, si nyuki. Kama ni swila au kifutu, mtu ataondoka sasa hivi. Kama ni hawa nyoka wa majani, atakaa kivulini na kesho atakamua. Niambieni nikamwambie."

Akaenda kusimamia upakiaji. Niliona magunia yaliyobaki chini, nikajua lori likishajaa litaondoka, na halingerudi mpaka jioni. Basi nikaanza kuuliza. Sikuwa na la kufanya jingine, na tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuuliza, mpaka mama mkwe akasema kwamba mwanawe ameoa polisi.

Nilianza na mrefu. "Alikuwa na rangi gani?"

"Mweusi. Mweusi ti! Alisimama hivi," akaonyesha kiunoni, "akapanua shingo."

"Huyo ni swila."

"Ndiye huyo."

Mwenzake, mfupi mwenye kofia ya jeshi, alicheka. "Alisimama wapi? Wewe ulikuwa umepanda ukuta! Shemeji, usimsikilize. Alikuwa wa kijivu, mnene, amejikunja. Kifutu kabisa."

"Wewe ulimwona saa ngapi, na jembe lako lilifika akiwa amekwisha kufa?"

"Nilifika ukiwa bado unapiga kelele juu ya ukuta."

Niliwaacha wakitukanana, nikachukua kijiti nikapekua majivu. Uti wa mgongo ulikuwa bado umeshikamana. Niliupima kwa mkono wangu: ulianzia kwenye ncha za vidole ukaishia kabla ya kiwiko. Kichwa hakikuwepo. Nilitafuta hata kando ya jiwe walilomsagia, nikapata unyevu tu.

Kwa hiyo swila aliyesimama mpaka kiunoni nilimwondoa. Nilimfuata nyapara kwenye lori nikamweleza nilichoona kwa macho na nilichoambiwa, kila kimoja peke yake.

"Kwa hivyo ni mtoto wa kifutu," alisema.

"Labda."

"Mama, nimpunguzie bwana magunia kwa sababu ya mtoto wa nyoka? Na labda?"

"Uje umwone mwenyewe."

Alikuja, akivuta miguu. Uvimbe ulikuwa umefika kwenye kifundo cha mkono, na ngozi ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau. Mume wangu alikuwa amefumba macho. Nilimwinamia. Yeye peke yake ndiye niliyekuwa sijamuuliza, maana nilimwonea huruma.

"Baba, ulimwona?"

"Nilimwona. Niliinua jiwe, akawa ananitazama."

"Alikuwa nyoka gani?"

Alifungua macho. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo na hataki kubishana.

"Alikuwa na pembe."

Mwenye kofia ya jeshi aliangua kicheko. "Pembe! Basi ungemkamua!"

"Pembe mbili," alisema mume wangu. "Juu ya macho. Fupi, kama za mbuzi anayeanza kuota."

Mrefu naye alicheka, kisha akaacha. Nikaona sote tumeacha kucheka. Nyapara alichuchumaa, akamshika mume wangu kidevu, akamgeuzia uso kwenye jua, akamtazama mboni.

"Wewe, unanijua mimi ni nani?"

"Nyapara."

"Na nyoka alikuwa na pembe?"

"Mbili."

Nyapara alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Imempanda kichwani," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba mgonjwa hasikii. "Sumu ya kufika kichwani upesi hivi si ya nyoka wa majani. Mtu huyu anaona pembe." Akaondoka mbio, mtu ambaye asubuhi nzima hakuwa ameinua miguu yake vizuri, moja kwa moja mpaka nyumbani kwa bwana.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeogopa. Nilimgusa mume wangu paji la uso, likawa la baridi na lenye jasho.

"Sikuwa naweweseka," aliniambia.

"Nyamaza, baba. Pumzika."

Tulipandishwa juu ya magunia, lori likapita stesheni ya Njoro bila kusimama mpaka Nakuru. Njiani vumbi lilitupaka sote rangi moja. Hospitalini dresa mmoja, mfunga vidonda, aliikata ile kamba kabla hajauliza jambo lolote. Alisema kama ingekaa mpaka jioni, ingekuwa kamba ndiyo iliyoumaliza mkono, nyoka angesingiziwa. Kisha akauliza, "Nyoka gani?" Nilimpa maelezo yote kwa utaratibu: mrefu alisema hivi, mfupi hivi, majivu yalionyesha hivi, mgonjwa anasema pembe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi hajulikani," akasema. Tukangoja kuona uvimbe utafika wapi.

Yeye alilazwa, mimi nikarudi kwenye pareto, nikawa nakwenda kumwona Jumapili. Sikumbuki siku hizo vizuri. Nakumbuka uzito wa kikapu, na jinsi nilivyokuwa nikitazama mlango wa nyumba yetu kila jioni kuona kama kuna mtu aliyetumwa kuniambia kwamba inahitajika. Uvimbe ulifika begani, ukakaa, ukaanza kushuka. Kidole cha kati kiliambuka ngozi, na kilipopona kilibaki kimenyooka.

Siku aliyorudi, nyapara alimpa ndoo na kumwonyesha ng'ombe mzee, mgumu kuliko wote. "Kamua tuone."

Wanaume waliegemea ua kutazama. Mume wangu alikaa, akashika chuchu kwa vidole vilivyobaki, kile cha kati kikiwa kimejitenga kama mtu asiyetaka kushiriki. Mwanzoni maziwa yalitoka kwa kukatika. Kisha nikasikia ndoo ikibadilisha sauti, maana ilikuwa imeanza kujaa povu. Nyapara aliichungulia ndoo. Alikwenda zake, na hivyo ndivyo tulivyojua kwamba nyumba bado ni yetu.

Mvua ndefu zilipoanza nilitumwa kutoa mawe katika kishamba kipya cha pareto. Niliinua jiwe kwa jembe, kama nilivyojizoeza, na chini yake palikuwa na nyoka wa kijivu, mfupi kuliko mkono wangu. Alijikunja akapuliza. Juu ya kila jicho palikuwa na pembe.

Sikuita watu. Nilijua kitakachofuata nikiita. Nilimpiga mara moja tu, mgongoni, nikasubiri mpaka alipotulia, nikambeba kwa kijiti nikamtia katika debe. Jioni nililipeleka kwa mume wangu kwenye zizi. Alitazama ndani kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Hakuniambia, "Si nilikuambia?"

Tulilipeleka pamoja kwa nyapara. Alikuwa ameketi nje ya stoo, buti amezivua. Mume wangu aliliweka debe miguuni pake.

"Hesabu," akamwambia.

Nyapara aliinama. Aliligeuza debe mwangani, akaligeuza tena.

"Mbili," akasema. Akaliweka debe chini. "Anaitwaje?"

"Hatujui," nilimjibu. Waliojua walikuwa wameondoka na jina lake.

"Kwa hivyo siku ile akili yako ilikuwa timamu."

"Ilikuwa timamu," alisema mume wangu.

Nyapara alianza kuvaa buti zake, moja baada ya nyingine, kwa uchovu wa mtu ambaye siku haijamwisha.

"Basi shukuru sikujua," alisema. "Ningejua u timamu, nisingekupeleka."

Ng'ombe wa jioni walikuwa wameanza kulia. Tulirudi zizini.