Mikono Yote ya Kushoto

Kwa miaka kumi na moja alidhani wanamsifu.

Alikuwa mkataji katika karakana ya kushona sare, nao walimwita Kiwembe. Kila asubuhi alipotundika mkoba wake msumarini na kufunga aproni, mtu mmoja alinong'ona, "Kiwembe huyo," na soga zote zikakatika, mashine zikaanza kukimbia. Aliliona hilo kuwa heshima, tena heshima aliyoitolea jasho. Akikata kola mia, ukaichukua ya kwanza na ya mwisho ukazilaza pamoja, hazikupishana hata unene wa uzi. Kitambaa alikisoma kwa ncha za vidole, amefumba macho: huu uso, huu mgongo, hapa mfumaji alichoka. Mtu wa namna hiyo asiitwe Kiwembe, aitweje?

Wanafunzi waliletwa mezani kwake. Hakuwafundisha kwa maneno mengi. Alichukua kazi ya mwanafunzi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitupa mezani na kusema, "Rudia." Basi. Mmoja wao, msichana mwembamba aliyeingia miaka sita nyuma, aliwahi kuthubutu kumuuliza amekosea wapi. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Macho unayo ya nini, ya kutolea machozi?" Karakana nzima ikacheka. Msichana akarudia. Siku ile alirudia mara tisa.

Msichana yule alikuwa na tabia ya kumwambia kila mtu pole. Pole kwa aliyejichoma sindano, pole kwa aliyechelewa, hata mashine ikivunja sindano aliigusa kichwani akasema pole. Wakamwita Bi Pole. Kiwembe alilicheka jina hilo. Jina la mtu asiye na mkono wa kazi, alisema, lazima liwe la mdomo.

Kisha msimamizi wa meza za kukatia akastaafu.

Hakuna aliyekuwa na shaka nani atakalia kile kiti, na Kiwembe mwenyewe hakuwa nayo kabisa. Saa ya chakula, wenzake wakiwa nje, alikikalia mara mbili kukijaribu. Aliona kimelegea mguu mmoja, akakiwekea kipande cha kadibodi. Bosi alikuwa amegawa karatasi kila mfanyakazi aandike maoni yake juu ya wenzake bila kutia jina lake, naye Kiwembe aliwaandika wote kwa mistari miwili miwili, kila mtu na kosa lake.

Bosi alimwita ofisini, akampa kiti, akawasha feni. Alizungukazunguka kidogo, akasema kazi yake haina mfano, ila msimamizi ni watu kabla ya kitambaa. Kwa hiyo kiti amempa Bi Pole. Kiwembe alidhani amesikia vibaya. Akauliza kwa sababu ipi. Bosi, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu wa kuchoka haraka, alivuta karatasi moja kutoka kwenye rundo akamsomea: "Tunamwita Kiwembe kwa sababu akifungua mdomo lazima mtu atoke damu."

Feni ilizunguka. Kiwembe alitazama vidole vyake juu ya aproni, vile vidole vya kusoma kitambaa, akaona kama si vyake.

Nyumbani alikaa na mdogo wake, msusi, aliyesukia watu sebuleni. Alimkuta anamalizia kichwa cha mteja. Akangoja mteja aondoke, akamweleza yote, na mwisho akamuuliza kama naye alijua maana ya lile jina.

Mdogo wake aliinama kukusanya nywele za sakafuni. "Dada," alisema, "ulidhani ni mkasi?"

Akacheka, kisha akaona dada yake hacheki.

Hapo ndipo kisasi kilipoingia, na kiliingia kimya, kama anavyoingia mgeni anayejua chumba chake kiko wapi. Kiwembe hakulia. Alihesabu miaka kumi na moja ya nyuma, kila asubuhi aliyoitikia jina lile kwa kuinua kidevu, na kila mtu aliyekuwa akimtazama akilipokea tusi lake kama zawadi. Aliyeandika karatasi ile alimjua bila kuambiwa. Mwandiko hakuuona, lakini maneno yalikuwa ya mtu aliyerudia mara tisa.

Bosi, ili kumpoza, alimpeleka semina ya siku mbili: kujitambua na kuishi na watu kazini. Ilifanyika ukumbini, ghorofani, juu ya duka la rangi, na mwezeshaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Aliwafundisha kwamba kabla hujamjibu mwenzako, hesabu hadi tano. Rudia alichosema, ajue umemsikia. Sifu kwanza, kosoa baadaye. Kiwembe alimsikiliza kama mtu anayechagua kisu dukani, akipima makali kwa kidole gumba. Mama yule alifurahi mno kupata mwanafunzi makini, akampa cheti mbele ya wote.

Alirudi kazini akiwa mtamu.

Mshonaji alimletea mfuko wa sare uliopinda. Zamani angeutupa. Sasa alihesabu hadi tano, akasema, "Unaniambia umemaliza mfuko. Umejitahidi, mdogo wangu," na mfuko ukaenda umepinda vilevile, ukarudishwa na mteja Alhamisi. Pindo zikatoka hazilingani, naye akazisifu rangi ya uzi. Kila alichokuwa akikikata kwa neno moja alikiacha kipite, akikisindikiza kwa tabasamu hadi mlangoni. Mlitaka ulaini, alisema moyoni, nauleta kwa jora. Vifurushi vilivyorudishwa vikapangwa nyuma ya kiti cha msimamizi, na kila kilipoongezeka kimoja alihisi raha ya mtu anayevua viatu vya kubana.

Wenzake wakasema semina imemfaa. Walianza hata kumkaribisha kwenye soga zao. Bi Pole peke yake ndiye aliyemtazama kwa jicho la pembeni, kama mtu anayesikia mashine ikikimbia bila uzi.

Ndipo ikaja kazi ya makoti ya wauguzi. Mteja alileta kitambaa chake mwenyewe, kimepimwa kwa hesabu, hakuna ziada, na Bosi alimwambia Bi Pole mbele ya watu kwamba kazi hii ikiharibika, kiti kitarudi kutafuta mwenyewe. Kiwembe alilisikia neno hilo akiwa ameinama juu ya mkasi. Hakuinua kichwa. Lakini usiku ule alilala vizuri.

Kitambaa kile kilikuwa na hila. Miaka hii ya karibuni walishona pamba tu ya kawaida, isiyo na uso wala mgongo. Pande zote mbili ni moja. Kwa pamba ile unachora mkono mmoja tu wa koti, unaurudia, na baadaye unaugeuza mmoja juu chini ukawa wa kulia. Hiki kipya kilikuwa na uso wa kung'aa kidogo, mgongo mkavu. Kwenye mwanga hafifu wa karakana macho hayakuona tofauti. Kidole kiliona. Kwa kitambaa chenye uso, pateni ya mkono, ile karatasi ya kuchorea, lazima igeuzwe wakati wa kuchora, la sivyo kila mkono utakaotoka utakuwa wa upande mmoja, na ukiugeuza utaonyesha mgongo.

Bi Pole alitandaza tabaka arobaini, uso juu, akachora mkono. Akachora wa pili. Hakugeuza pateni.

Kulikuwa na sheria katika karakana ile, tena Kiwembe ndiye aliyeianzisha: hakuna kukata mpaka jicho la pili lipite juu ya kitambaa na kusema sawa. Na mwenye jicho anaweka alama yake ya chaki ukingoni. Alama ya Kiwembe ilikuwa mwezi mchanga.

"Dada," Bi Pole alisema, "naomba jicho lako."

Kiwembe alikuja. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa polepole kama mtu anayembembeleza mtoto, na hapo hapo kidole kikamwambia. Alitazama mkono wa kwanza, akatazama wa pili. Akahesabu hadi tano. Alikuwa na muda wa kutosha. Neno moja lilitosha, lile lile la siku zote.

"Sawa, mdogo wangu," alisema. "Umejitahidi."

Na mkono wake, ambao haukuwahi kuhudhuria semina, ukachukua chaki ukachora mwezi mchanga ukingoni kabla hajauzuia.

Mashine ya kukatia ilipita. Saa tano asubuhi mshonaji wa kwanza aliunga mkono wa kushoto, akaunga uliopaswa kuwa wa kulia, akaligeuza koti, akalitazama, akaligeuza tena. Akaita mwenzake. Kufikia saa sita soga zilikuwa zimekatika kama asubuhi za zamani. Mikono themanini mezani, yote ya kushoto.

Waliitwa ofisini wote wawili. Bosi alikuwa ameweka mbele yake ukingo wa kitambaa wenye mwezi. Kiwembe aliuona, ila alikuwa amekwisha kujipanga: jicho hukosa, si mimi niliyechora. Na hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, bila hata kuhitaji kusema. Bi Pole alikiri kwamba yeye ndiye aliyechora, yeye ndiye msimamizi, lawama ni yake. Alisema akiwa amesimama, bila pole hata moja. Bosi alipumua, akasema basi, itabidi afikirie upya habari ya kile kiti. Macho yake yakamwendea Kiwembe, na Kiwembe akakiona kiti kile, na kile kipande cha kadibodi chini ya mguu wake.

Angenyamaza muda wa kunywa maji ya bilauri moja, kingekuwa chake.

Bosi akauokota ukingo wa kitambaa, akausogeza machoni. "Sikulaumu," alimwambia Kiwembe kwa upole. "Umri nao. Zamani kosa kama hili usingeliacha, lakini macho huzeeka, vidole hufa ganzi. Ni kawaida."

Kiwembe alihesabu. Moja. Mbili.

"Niliona," alisema.

Bosi akauliza ameona nini.

"Niliona kitambaa kina uso. Niliona pateni haikugeuzwa. Niliona kabla kiganja hakijafika katikati ya meza. Vidole vyangu havina ganzi yoyote."

Aliyasikia maneno yake yakitoka, na akaelewa yanambeba wapi, na bado asingeweza kuyarudisha; watu waseme ana roho mbaya, waseme ana ulimi wa damu, lakini wasiseme alipapasa kitambaa asikijue. Hilo ndilo alilojifunza juu ya nafsi yake siku ile, na hakulijifunza kwenye semina, kule juu ya duka la rangi.

Bosi alimwambia akachukue mkoba wake. Bi Pole ndiye aliyemkatiza.

"Niachie mimi kwanza," alisema. Hakuwa akimwombea, uso wake ulikuwa mkavu kama mgongo wa kile kitambaa. "Mikono arobaini ya kulia anikatie yeye. Ikiisha, utamfukuza ukitaka."

Kitambaa kingine hakikuwepo. Lakini mkono wa kushoto na wa kulia hutofautiana kichwani tu, pale unapoingia begani, na mkataji hodari anaweza kuulaza wa kushoto, akaukata upya kuwa wa kulia, akatia kiraka cha masalio kwapani mahali ambapo hakuna atakayepaona isipokuwa anayemfulia muuguzi koti lake. Kazi ya kuumiza macho. Mmoja mmoja, kwa mkasi.

Kiwembe alianza mchana ule ule. Bi Pole alisimama ng'ambo ya meza, na karakana nzima ikapunguza kasi ya mashine ili isikie.

Mkono wa kwanza ulipokuwa tayari, Bi Pole aliuchukua, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akautupa mezani.

"Rudia."

Kiwembe alirudia. Alifumua kiraka, akaweka pateni upya, akakata kiraka kingine, akaushika mkono kwa pini. Aliona mwenyewe kwamba ni mzuri. Bi Pole aliuinua dirishani.

"Rudia."

Mara ya tatu shingo ilimwuma na masikio yakamwaka. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Lile neno alikuwa amelitamka maelfu ya mara, akiliona ni dogo na safi, halichukui muda wa mtu. Hakujua kwamba ukiwa upande huu wa meza halina mahali pa kulishikia. Limefungwa pande zote. Unaambiwa umekosea, huambiwi wapi, na vidole vinaanza kutafuta kosa hata pasipo na kosa.

"Rudia," ikaja tena, mara ya nne, ya tano.

Mara ya sita aliuweka mkasi chini. Alihitaji muda mrefu kuliko kuhesabu hadi tano.

"Nimekosea wapi?" aliuliza.

Sauti haikuwa tamu. Haikuwa kali pia. Ilikuwa sauti ya mtu asiyejua.

Bi Pole alimtazama. Miaka sita ilikuwa imesimama pale mezani kati yao, na choo cha uani ambacho mlango wake haukufungika vizuri, ambapo msichana mwembamba alikuwa akishikilia kitasa kwa mkono mmoja na kujifuta uso kwa mwingine.

"Macho unayo ya nini," alisema taratibu, neno kwa neno, "ya kutolea machozi?"

Mashine zote zilikuwa zimesimama.  Kiwembe alisubiri, mikono juu ya kitambaa, na hakuondoa macho yake usoni kwa mwenzake.

Bi Pole naye akakaa hivyo, akiionja raha yake hadi ilipoanza kupoa. Kisha akainama, akaweka kidole chake kwenye mzingo wa kwapa, mahali ambapo kiraka kilivuta kitambaa kwa upana wa uzi mmoja.

"Hapa," alisema.

Kiwembe alipeleka kidole chake hapo. Kweli, kilivuta. Akachukua chaki, akafuta mstari, akachora mwingine, na mikono thelathini na tisa ikiwa bado inamngoja.