Milioni Tatu za Mke Wangu

Mwaka 1972, nikiwa na miaka thelathini na minane, nilikaribia kumuua mke wangu kwa majivuno. Sikumpiga. Nilimsifu. Nakueleza wewe kwa sababu hunijui, nami sikujui, kwa hiyo aibu inapungua.

Shule niliishia darasa la pili. Lakini nilikuwa nikinunua ng'ombe Loliondo na kuwaswaga mwenyewe mpaka Karatu, na hakuna aliyenizidi kuhesabu kundi, hata likipita kwenye vumbi. Nilijiona msomi.

Mke wangu, Mama Safari, alikuwa na mimba ya tatu. Akaanza kuchoka. Akipandisha kutoka mtoni anakaa njiani, moyo unamwenda mbio, na anatafuna udongo kama mwenzako anavyotafuna karanga. Nikampeleka hospitali. Wakamtoboa kidole, damu ikaenda kwenye darubini wakahesabu chembe nyekundu.

Mpimaji alipotoka nikamuuliza kama tunavyoulizana mnadani: ngapi? Akasema milioni tatu, ila tumsubiri mganga atueleze.

Milioni! Mimi hata ng'ombe mia nilikuwa sijawahi kuwa nao. Nikamwambia Mama Safari anyanyuke twende, mwenye milioni tatu hakai foleni. Akasema tumsikilize mganga kwanza. Nikamuuliza mganga atasema nini tena, atatuongezea?

Nilitangaza njia nzima, kuanzia madukani mpaka kwetu Ganako. Jirani yangu mwenye trekta akaniuliza, mke wake angepimwa angekuwa na ngapi? Nikamjibu kwamba kwa jinsi anavyomlisha, akifikisha laki ashukuru. Nikaona nimemweza.

Yakaja mavuno ya maharage. Mama Safari akasema ana kizunguzungu.

"Milioni tatu zote hizo," nikamwambia, "zinafanya nini humo ndani? Zimelala?"

Alifunga kanga kiunoni akatangulia shambani, na kabla jua halijawa kali alikuwa chini, katikati ya maharage. Nilimgeuza kiganja, kilikuwa cheupe kama unga. Nikakimbia kwa yule yule jirani. Sikumaliza hata kusema, akawasha trekta.

Hospitali nikabishana na nesi. Nikamwambia wamekosea, mimi mchuuzi wa ng'ombe najua hesabu, huyu ana milioni tatu, tulipimwa hapa hapa.

Akaniuliza, "Mzee, hizo milioni zinahesabiwa kwenye nini?"

"Kwenye mwili mzima."

Nesi alijitahidi asicheke, akashindwa. "Kwenye tone dogo kuliko kichwa cha pini. Mwanamke mzima anatakiwa awe na milioni nne na kitu hapo. Wewe ng'ombe wako robo wakipotea njiani, unafika Karatu unashangilia? Na leo zimepungua zaidi."

Nikakaa kwenye benchi. Robo ya kundi! Hapo nilielewa, maana hiyo ni hesabu yangu.

Alihitaji damu haraka. Nikavua shati zima, ingawa walitaka mkono tu. Wakaipima yangu, wakasema haipatani na yake. Ya jirani ikapatana. Alilala pale akitoa damu, akanigeukia taratibu: "Za kwangu usihesabu, bwana. Wewe pokea tu." Nikaokota shati langu nikalivaa.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, nikafikiri tumempoteza. Akaishi. Mama yake akapewa vidonge vya madini ya chuma, nami nikawa mtu wa kwanza buchani kugombania maini. Ila kwa miaka mingi, kila nikipita sokoni walikuwa wakiniita Milioni. Nilikuwa naitika, ningefanyaje?

Wewe unayesoma, ukipewa namba hospitali usiondoke nayo ikiwa nusu. Uliza inatakiwa iwe ngapi. Subiri mganga hata kama foleni imefika nje. Na mkeo akikwambia amechoka, hilo nalo ni jibu la kipimo.

Leo nina ng'ombe arobaini na mmoja, shamba la ngano na la maharage, nyumba ya bati, mashine ya kusaga, baiskeli na redio. Nimemsomea Mama Safari kabla ya kuituma barua hii. Amesema hesabu ni sahihi, ila hapo nilipoandika "nina" ndipo pana uongo.

Haya, tuna.