Manjano Kwenye Pembe Nne

Watu wetu wa hapa Edison, Amerika, wakimtaja mkwe wangu Haimavati huongeza, "yule anayesomea udaktari." Huu ni mwaka wa sita wanasema hivyo. Udaktari wenyewe hajausomea hata siku moja. Miaka yote hiyo imekwenda katika kujiandaa kuomba nafasi, na nafasi ya mwisho niliipoteza mimi, kwa mikono yangu. Naandika jinsi ilivyokuwa kwa sababu nimewasikia wengine wakiisimulia ovyo.

Haima ni binti pekee wa mwalimu wa shule kule Guntur, India, Mwalimu Veerabhadram. Akiwa na miaka kumi na saba alifanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari kule kwetu, akakosa kwa alama nne. Alama nne tu, na nyuma yake watu maelfu kwa maelfu. Baba yake hakumgombeza. Alimpeleka chuo kikuu akasome elimu ya wanyama na kemia kwa miaka mitatu, akatoka na shahada ya daraja la kwanza. Ndipo sisi tukaenda kumposa kwa ajili ya mwanangu Sudhakar. Siku ile alituletea kahawa kwenye sinia, vikombe vimejaa hadi mdomoni, hakumwaga hata tone. Nikamnong'oneza marehemu mume wangu kwamba mkono huu ni wa kushona vidonda.

Alipofika huku, shahada ile haikumsaidia kitu. Vyuo vingi vya udaktari vilisema havimtaki mtu aliyesoma ng'ambo. Vichache vilisema tutamtazama akiwa na kadi ya ukaazi, akirudia masomo ya sayansi kwenye chuo cha hapa, akifaulu mtihani wao unaochukua saa saba na nusu, na ikiwa ofisi ya kupima vyeti vya kigeni itazipitia karatasi zake za alama na kuandika kwamba zinalingana na shahada ya hapa.

Kadi tuliingoja miaka saba. Masomo aliyarudia jioni na Jumamosi, mchana amesimama kaunta ya duka la dawa. Aliketi darasani na watoto waliozaliwa yeye akiwa na vitabu mkononi. Akapasua chura kwa mara ya pili maishani mwake. Jioni nikamuuliza, chura wa Amerika yukoje ndani?

"Kama yule wa Guntur, attayya," akasema, maana ndivyo sisi tunavyowaita mama wakwe. "Moyo uko palepale. Ila huyu ana vyeti vya hapa."

Mtihani mkubwa aliufanya mara mbili. Mara ya kwanza alama zilikuwa za aibu. Mara ya pili zilipanda hadi akakaa kwenye ngazi na viatu vyake mkononi. Lakini alama hizo nazo zina umri wake. Baada ya miaka mitatu hazikubaliwi tena. Za Haima zilikuwa zinafikia mwisho Januari. Mwaka uliotangulia vyuo vilimkataa kwa sababu masomo ya hapa hayakuwa yametosha. Sasa yalikuwa yametosha, kila kitu kilikuwa tayari, na kulikuwa na chuo kimoja tu kilichosema kitampokea kama alivyo, iwapo ripoti ya ile ofisi ya vyeti itafika kabla ya tarehe mosi Novemba. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Nguvu za kurudia ule mtihani mara ya tatu hakuwa nazo, na alisema hivyo waziwazi.

Ofisi ilitaka karatasi za alama kutoka chuo kikuu cha kwetu, ndani ya bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe, sahihi ya mkuu wa mitihani imepita juu ya mkunjo, na lakiri nyekundu. Mwalimu Veerabhadram aliifuatia. Alikwenda mara kumi na moja, mzee mwenye magoti mabovu, ngazi ghorofa tatu, mara karani yuko chai, mara faili limepotea, mara mwenye kutia sahihi yuko harusini. Ilipopatikana hakuiamini posta. Alimpa jirani yetu Kanakadurga aliyekuwa kule kwa mazishi, naye akaja nayo ndani ya sanduku, katikati ya achari ya maembe na pilipili ya unga.

Kanakadurga hajui kukabidhi kitu bila kuchoma. Alisimama mlangoni akanipa bahasha, akasema, "Haya Rattamma, mkwe wako atakuwa daktari. Wewe utakuwa umeshachomwa moto zamani, lakini atakuja kupima majivu."

Nikamjibu kwamba akianza kazi, mgonjwa wake wa kwanza atakuwa ulimi wa Kanakadurga.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Haima yuko kazini, Sudhakar yuko kazini. Haima alikuwa ameshaniambia bahasha ikija niiweke kabatini, isifunguliwe na mtu. Nilimsikia vizuri. Lakini nilidhani maneno hayo ni ya watu wa nje, na mimi si mtu wa nje.

Kwetu karatasi ya heri haitoki nyumbani hivihivi. Kadi ya harusi, barua ya kazi, daftari jipya la mwanafunzi, kila kimoja hutiwa manjano kwenye pembe zake nne na kuwekwa mbele ya mungu. Karatasi za safari za Sudhakar nilizitia manjano, akapata. Mtihani wa kwanza Haima aliondoka alfajiri na karatasi yake kavu, akaanguka. Wa pili niliitia mimi, akafaulu. Sasa karatasi iliyo kubwa kuliko zote iende kwa wageni bila kupita mbele ya Sarasvati, mungu mwenye elimu yote? Niliishia darasa la tano, lakini hilo nililijua.

Nilipasha kisu moto nikainua lakiri ikatoka nzima. Nikazitoa karatasi, nikatia manjano kwenye pembe, nikawasha taa, nikasoma majina ya masomo yake moja moja, yale niliyoweza. Kisha nikazirudisha, nikafunga kwa wali uliopondwa, tunavyobandika karatasi kwetu tangu utotoni, nikaibandika lakiri mahali pake. Nikajisifu moyoni. Jioni Haima akaikuta kabatini, akaibusu, kesho yake akaipeleka posta mwenyewe.

Ilirudi baada ya wiki mbili na nusu. Barua iliyoambatana nayo ilisema bahasha imefunguliwa kabla ya kuwafikia, na karatasi zina madoa ya njano yasiyojulikana asili yake, kwa hiyo hawawezi kuzikubali. Sudhakar aliisoma kwa sauti. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Haima hakuzitazama karatasi zenyewe hata kidogo. Angezitazama angejua palepale. Alichukua simu akampigia baba yake.

"Baba, nilikwambia usiifungue."

Mzee aliapa. Akasema amefundisha miaka thelathini na nane, amesimamia mitihani ya serikali, yeye asijue bahasha ya lakiri ni kitu gani? Haima akamwambia labda alitaka kuhakikisha alama, kama alivyokuwa akifungua ripoti zake za shule njiani kabla hazijafika nyumbani. Akasema mengine pia. Akakata simu.

Nilikuwa nimesimama pale na kijiko mkononi. Nikarudi jikoni.

Nilinyamaza siku tatu. Naandika hilo kama lilivyo. Kila asubuhi nilisema nitamwambia akimaliza kahawa, na kila asubuhi akimaliza kahawa nilijiona nilivyo, mwanamke niliyeendesha nyumba miaka hamsini, sijawahi kuomba radhi kwa mkwe, nami nikageukia jiko. Haima hakumpigia baba yake siku zote tatu. Sudhakar, kama wanaume wetu wote wakiona nyumba imenyamaza, alikwenda kuosha gari.

Siku ya nne nilipigiwa simu mimi. Alikuwa Mwalimu Veerabhadram.

"Dada," akasema, "nimefikiri sana. Huenda ni mimi kweli. Huenda niliifungua nikasahau. Siku hizi nasahau. Juzi nimesahau njia ya kwenda kwa kinyozi. Mwambie mtoto anisamehe."

Mzee yule alikuwa timamu kuliko sisi sote. Alikuwa ameanza kuishuku akili yake kwa ajili ya kosa langu. Niliiweka simu chini, sikungoja jioni. Nilijifunga shali nikatembea hadi duka la dawa, dakika arobaini, mahali nisipokwenda kamwe kwa miguu, nikapanga foleni pamoja na wagonjwa. Zamu yangu ilipofika nikamwambia pale kaunta.

Alinitazama kana kwamba nimezungumza Kichina. Nyuma yangu mtu alikohoa.

"Siku tatu, attayya," akasema polepole. "Siku tatu nimemwita baba yangu mwongo, na wewe unanipikia."

Kisha akamwita anayefuata.

Usiku ule alimpigia baba yake, akalia, mzee naye akalia, halafu mzee akasema kesho anakwenda. Lakini Dasara ilikuwa imekaribia, na chuo kikuu kilifungwa siku kumi. Ndiyo, sikukuu ya mungu yuleyule niliyempelekea karatasi. Siku hizo vitabu vyote vya kwetu huwekwa mbele yake na hakuna anayeruhusiwa kuvishika. Makarani walikuwa makwao wakila pipi. Mzee alikwenda hivyohivyo, akakaa kwenye benchi nje ya lango lililofungwa, labda mmoja atapita. Hakupita mtu. Chuo kilipofunguliwa alipanda ghorofa tatu siku nne mfululizo, siku ya nne akipandishwa na wanafunzi wawili. Bahasha mpya ikaja kwa ndege, moja kwa moja hadi ofisini, sisi hatukuiona. Ofisi ikasema kazi yake ni siku kumi na tano za kazi na foleni ni ndefu. Haima aliwapigia kila siku wakati wa chakula cha mchana, hadi wakaijua sauti yake.

Ripoti ilitoka tarehe tisa Novemba. Ilisema shahada yake ni sawa, nzuri, inatosha.

Alikipigia kile chuo. Aliwaeleza yote, sauti imenyooka, mwanamke aliyepokea simu akamwambia orodha imefungwa. Nikamwambia Haima nipe niseme naye. Hakutaka, nikaichukua simu mwenyewe. Kiingereza changu ni cha sokoni. Nikamwambia yule mwanamke kwamba mimi ndiye niliyefungua, mimi mwanamke mzee, si yeye, yeye hana kosa, nifungiwe mimi. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo sitamnyima. Akasema chuo chao kinaheshimu mila za watu wote. Akasema tarehe ni tarehe.

Januari alama zake zikaisha muda. Siku hiyo alirudi kazini akaingia bafuni, akafungua maji, yakatiririka nusu saa. Sudhakar aligonga mlango. Mimi sikugonga. Nilikaa sakafuni nje ya mlango, nikafikiri kwamba asipotoka nitakaa pale hadi nife, na sikuona kama hilo lingelipa kitu.

Alitoka uso umevimba. Akaenda jikoni, akapakua wali na mtindi, akala amesimama, sahani mkononi. Akasema amejiandikisha tena mtihani, wa Aprili. Alisema kama mtu anayetaja siku ya kung'olewa jino. Akasema hajui kama ana kichwa cha kuufanya, anasoma ukurasa, akifika mwisho haujui mwanzo wake, lakini hajui kitu kingine cha kufanya na maisha yake.

Nikaanza kusema kwamba nitam...

"Attayya," akanikatiza, na hakuinua sauti, "nina ombi moja. Safari hii usiniombee."

Nimefiwa na mume na watoto wawili. Sijawahi kuambiwa neno zito kama lile. Nikasema sawa.

Aprili haijafika. Anasoma chumba cha juu, taa yake naiona chini ya mlango. Mimi asubuhi nawasha yangu mbele ya mungu kama kawaida. Namtaja Sudhakar, nawataja marehemu wangu, namtaja Mwalimu Veerabhadram na magoti yake. Nikifika kwa Haima ulimi unataka kwenda wenyewe. Naukaza kwa meno, naruka, naendelea na wanaofuata.